Hashi ya faili: namna ya kujua mfumo endeshi umeharibika au umechezewa

Hashi ni namba inayokokotolewa kutokana na kila baiti iliyomo ndani ya faili. Faili liwe la gigabaiti 4 au la herufi tano tu, kanuni ya SHA-256 hutoa jibu la urefu uleule: tarakimu na herufi 64. Ikibadilika baiti moja, jibu zima hugeuka. Hashi ya "hello" huanza na 2cf24dba; kuza herufi ya kwanza, iwe "Hello", nayo huanza na 185f8db3. Hakuna anayeweza kuzitazama akakisia kwamba maneno yenyewe yanakaribiana.

Ndiyo maana watengenezaji wa mifumo endeshi huweka hashi kando ya faili la kupakua. Ukishalipakua, kokotoa mwenyewe: kwenye Linux tumia amri ya sha256sum, kwenye Windows certutil -hashfile, kisha jina la faili na neno SHA256. Zikitofautiana, usisakinishe. Mtandao ukikatika njiani, au flashi ikianza kuchoka, faili huharibika bila kukuambia.

Ila kuharibika ni kimoja na kuchezewa ni kingine, na hapa ndipo wengi hujiamini mno. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mmoja wa mifumo endeshi ya Linux, wakaelekeza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kwenye faili lao, lililopachikwa njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Sasa fikiria: anayeweza kubadili kiungo atashindwaje kubadili hashi iliyoandikwa pembeni yake? Kwa hiyo orodha ya hashi inapaswa kutiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo usiokaa kwenye seva hiyo, nawe uikague saini kwa programu ya GPG. MD5, kanuni ya hashi ya zamani zaidi, nayo usiitegemee kiusalama; mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba data mbili tofauti zinaweza kupewa hashi moja.

Mfumo ukishasakinishwa, Windows hukagua mafaili yake kwa amri ya sfc /scannow, na kwa mifumo ya Linux, Fedora kwa rpm -Va, Debian kwa debsums. Zinafaa sana kwa uharibifu wa bahati mbaya. Lakini debsums husoma hashi zilizohifadhiwa kwenye diski ileile, na mvamizi mwenye mamlaka ya juu anaweza kuzibadili pamoja na mafaili. Ukishuku mashine imeingiliwa, iwashe kwa flashi safi, kisha ulinganishe mafaili na orodha uliyoitunza nje yake tangu mwanzo.