Bendi ya kantri isipotoa hit, ndo imefeli?

Wengi wanaamini bendi ya kantri mbadala (kantri iliyochanganywa na roki, nje ya ile ya redio kubwa) ikivunjika bila hit hata moja basi ilifeli, na ukishazoea chati za redio ni rahisi kufikiri hivyo. Ila chati inahesabu mauzo na kupigwa redioni kwa wiki hiyo tu, haihesabu nani aliiga nini miaka kumi baadaye. Chukua Uncle Tupelo, bendi ya vijana wa Belleville, Illinois, Marekani, waliochanganya kantri ya wazee na panki (roki ya kasi na makelele): albamu nne kati ya 1990 na 1993, hit hakuna, 1994 wakagawanyika. Kumbe huko kugawanyika kukazaa bendi mbili, zote zikatoa albamu 1995, na mwaka huohuo likaanzishwa jarida la muziki huo lenye jina la albamu ya kwanza ya Uncle Tupelo, No Depression. Mi siwezi kuita hiyo kufeli.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe soma kava la albamu, nani kapiga nini na mwaka gani, halafu fuata majina hayohayo kwenye albamu zilizofuata, na cheki pia ratiba za shoo maana wanamuziki wengi wa aina hii hula kwa safari na fulana wanazouza mlangoni, redio wala hawaitegemei.