Kunguru wa India na Ramani ya Kuenea Kwake: Dhana na Ukweli

Dhana: Kila kunguru anayeonekana Nairobi ni mgeni aliyetoka Pwani.

Kunguru mwenye kifua cheupe na ukanda mweupe shingoni, anayezoeleka kwenye majaa ya jiji, ni mwenyeji wa Afrika tangu zamani. Anayefuatiliwa na watazamaji wa ndege, ili ijulikane kama anaenea kutoka Pwani kuelekea Nairobi, ni kunguru wa India, ambaye watu wa Mombasa humwita kurabu. Huyu ni mwembamba zaidi, hana weupe wowote, na shingo yake ni ya kijivu. Taarifa ya kumwona kunguru isiyotaja rangi ya shingo haisaidii sana, hata ikitumwa kwa nia njema.

Dhana: Baridi ya Nairobi itamzuia.

Mwaka wa 1994 kunguru wawili wa aina hii walifika Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, bila shaka kwa meli, wakastahimili majira ya baridi ya huko na kuanza kuzaana mwaka wa 1997. Julai ya Nairobi si kitu mbele ya hayo. Kinachomwezesha ndege huyu kuishi mahali ni watu na mabaki ya vyakula vyao: aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na kufikia mwaka wa 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Kwa hiyo anayetaka kujua anaelekea wapi huchunguza miji iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa, wala hana haja ya kuzunguka nyika isiyo na makazi.

Dhana: Ramani mpya ikiwa na alama nyingi kuliko ya zamani, basi ndege ameenea.

Hili ndilo kosa linalopotosha zaidi, kwa sababu lina sura ya ushahidi. Kwenye ramani hizi nchi hugawanywa katika miraba, na kila mraba ndege alimoonekana hutiwa alama. Ramani za atlasi (kitabu cha ramani) ya ndege wa Kenya iliyochapishwa mwaka wa 1989 zilitumia miraba ya takriban kilomita 55 kwa 55, ilhali mradi wa Kenya Bird Map, unaochora ramani kwa orodha zinazotumwa na watazamaji na ulioanza mwaka wa 2013, hutumia miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, hivi kwamba mraba mmoja wa zamani unabeba 36 ya sasa. Alama zinaweza kuongezeka bila ndege hata mmoja kuhama. Isitoshe, watazamaji wenyewe wameongezeka, na wengi wao huishi Nairobi na husafiri kwa barabara zilezile ambazo kunguru huyu huzifuata, jambo linalofanya iwe vigumu kutenganisha njia ya ndege na njia ya anayemtazama.

Ndiyo maana mradi huo hudai orodha kamili: mtazamaji hutumia angalau saa mbili ndani ya mraba, hupita katika mazingira yote anayoweza kufikia, na huandika kila spishi (aina ya ndege) kwa mfuatano wa kuonekana kwake. Kisha huulizwa, kati ya orodha zote kamili za mraba huo, ni ngapi zilizo na kunguru wa India? Uwiano huo ukipanda mwaka hadi mwaka, kuna jambo la kusema. Idadi ya alama peke yake haitoshi.

Dhana: Akionekana mmoja, spishi imekwisha kuhamia.

La. Huenda amepanda lori, au, kwa ndege wafugwao, ametoroka tundu. Kinachohesabika ni viota, makinda na kuonekana tena msimu baada ya msimu, kama ilivyo kwa kasuku wadogo wa Naivasha, ambao huzaana huru na hata wamechanganyika spishi mbili, wakawatatiza wanaowatambua kwa rangi.

Dhana: Orodha isiyo na kunguru huyo haina haja ya kutumwa.

Kinyume chake, tarehe ya kufika kwake katika mji wa barabara hiyo ya Mombasa, kama Emali au Athi River, huwa kati ya orodha kamili ya mwisho isiyomtaja na ya kwanza inayomtaja. Orodha hizo za awali zikikosekana, tarehe hiyo haiwezi kukadiriwa tena.