Kwa nini sheria ya Marekani humlipa mtu anayemshtaki mzabuni wa serikali?

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la serikali lilikuwa limeuziwa mbuzi kwenye gunia mara nyingi mno. Mapipa ya baruti yalifika yamechanganywa na vumbi la mbao, sare zilizotengenezwa kwa mabaki ya sufu zilifumuka mvuani, na farasi waliokwisha nguvu waliuzwa kama wazima. Wa kuwafuatilia wazabuni hao hawakuwepo: hata Wizara ya Sheria ya Marekani ilianzishwa baadaye, mwaka 1870. Waliojua kilichomo ndani ya pipa walikuwa waliolijaza.

Basi Bunge likaamua kumnunua aliyelijaza. Sheria ya Madai ya Uongo, iliyosainiwa na Rais Abraham Lincoln tarehe 2 Machi 1863, ilimruhusu mtu yeyote kufungua kesi ya madai kwa niaba ya serikali dhidi ya aliyeitapeli. Mdaiwa akishindwa alirudisha mara mbili ya hasara na kuongeza dola 2,000, na aliyefungua kesi akachukua nusu. Seneta Jacob Howard wa Michigan, aliyeutetea muswada huo, hakuona haya kusema kwamba ni kumtuma mwizi akamkamate mwizi. Mbinu yenyewe ilitoka Uingereza ya zamani, na hadi leo wanasheria huita kesi hizi qui tam, maneno ya mwanzo ya sentensi ya Kilatini kuhusu mtu anayeshtaki kwa ajili ya mfalme na kwa ajili yake mwenyewe.

Mwaka 1943 sheria ilikatwa makali, baada ya watu kuanza kunakili hati za mashtaka ya jinai zilizokwisha kutangazwa na kudai fungu lao bila kufichua lolote jipya. Ikalala miaka 43. Marekebisho ya 1986 ndiyo yaliyoifufua, na tangu hapo hadi 2024 serikali imerudishiwa zaidi ya dola bilioni 78.

Hesabu yake ndiyo inayowakosesha wazabuni usingizi. Chukua kampuni iliyoiuzia serikali bidhaa zisizofaa kabisa kwa dola milioni 1, ikatuma ankara 40. Siku hizi hasara huzidishwa mara tatu: milioni 3. Kisha kila ankara ni kosa lake, na kwa viwango vya 2025 kila moja ina faini ya kati ya dola 14,308 na 28,619. Ankara 40 zinaongeza dola 572,320 kwa uchache, jumla 3,572,320. Serikali ikiingia kwenye kesi, mtoa taarifa, yaani aliyeifungua, hupata asilimia 15 hadi 25, yaani kati ya dola 535,848 na 893,080. Ikikataa kuingia naye akaendesha kesi peke yake hadi akashinda, fungu hupanda hadi asilimia 25 hadi 30. Kwa kawaida pande mbili hupatana kwa kiasi kidogo kuliko hicho, lakini meza ya mapatano huwekwa chini ya kivuli cha hesabu hiyo.

Utaratibu una upekee wake. Kesi hufunguliwa katika mahakama ya shirikisho kwa siri, na mdaiwa hapelekewi hati. Nakala ya madai, pamoja na maelezo ya maandishi ya karibu ushahidi wote alionao mtoa taarifa, hupelekwa serikalini. Serikali ina siku 60 za kuchunguza na kuamua kama itaichukua kesi, lakini huomba nyongeza, na kesi nyingi hukaa gizani miaka kadhaa. Wakati wote huo mfanyakazi anaendelea kwenda kazini na kusalimiana na bosi aliyemshtaki. Pengine hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Wengi hupoteza fungu lao kwa kukosea hatua. Mahakama hutazama nani alifungua kesi kwanza. Anayefuata na madai yaleyale hufungiwa mlango hata kama ushahidi wake ni mzuri zaidi. Habari ikiwa tayari imetoka kwenye vyombo vya habari au ripoti za serikali, kesi hufutwa, isipokuwa mtoa taarifa ndiye chanzo chake halisi. Kumpigia mwandishi wa habari kabla ya kufungua kesi kunaweza kuharibu kila kitu. Kuvunja siri baada ya kufungua hakufuti kesi moja kwa moja, Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2016, lakini jaji anaweza kuadhibu. Mahakama nyingi hazikubali mtu aendeshe kesi hii bila wakili, kwa sababu fedha zinazodaiwa ni za serikali. Na aliyetiwa hatiani kwa jinai kwa kushiriki udanganyifu huo hapati hata senti. Anayefukuzwa kazi kwa kufichua ana miaka 3 ya kudai kurudishwa kazini na kulipwa mara mbili ya mshahara uliopotea, pamoja na riba.

Usidhani haya ni ya watengeneza silaha tu. Wasomaji walioko Marekani wanaohudumia wagonjwa majumbani wajue kwamba zamu iliyoandikwa imefanyika wakati haikufanyika, ikalipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ni dai la uongo sawa na pipa la vumbi la mbao. Udanganyifu wa kodi ya mapato hauingii kwenye sheria hii; una njia yake nyingine.

Kwa upande wa mzabuni, swali kubwa ni uongo gani unahesabika. Kosa la kuhesabu lisilo la makusudi halitoshi; lazima awe alijua, alifumba macho, au hakujali kabisa ukweli. Mwaka 2023, katika kesi ya bei za dawa dhidi ya SuperValu, majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba kinachopimwa ni kile mdaiwa mwenyewe alichoamini wakati ule, si tafsiri nzuri ya kanuni ambayo wakili wake ameibuni baadaye. Kwa hiyo barua pepe za ofisini zimekuwa na uzito kuliko hoja za mawakili. Ngao iliyobaki kwa mzabuni ni ya kesi ya Escobar, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2016: sharti lililovunjwa liwe na uzito katika uamuzi wa kulipa. Serikali ikijua fika kwamba sharti limevunjwa na bado ikalipa ankara zote, ni vigumu kusema sharti hilo lilikuwa muhimu.

Miaka ya karibuni ardhi imezidi kutikisika. Wazabuni wa Wizara ya Ulinzi wanaoshika taarifa nyeti hutakiwa kutimiza masharti 110 ya usalama wa mitandao na kujipa alama wenyewe. Alama ya juu ni 110, ya chini kabisa ni hasi 203. Kampuni iliyojipa alama isiyostahili sasa hudaiwa chini ya sheria hii hata kama hakuna mdukuzi aliyewahi kuingia, kwa kuwa kosa ni tamko lenyewe. Tarehe 21 Januari 2025 Rais Donald Trump alitoa amri namba 14173, inayotaka wazabuni wathibitishe kwamba hawaendeshi mipango ya usawa na ujumuishi inayovunja sheria za kupinga ubaguzi, na wakubali kwamba uthibitisho huo ni muhimu kwa malipo. Soma tena maneno ya mwisho: yameandikwa makusudi kuiziba ngao ya Escobar.

Wakati huohuo msingi wa fungu la mtoa taarifa unachimbwa. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mtu huyu ana haki ya kusimama mahakamani, kwa sababu serikali imemkabidhi sehemu ya dai lake, lakini ikaacha kiporo swali la kama Katiba inaruhusu mtu asiyeteuliwa na yeyote kutumia mamlaka ya serikali. Jaji Clarence Thomas alilifufua mwaka 2023. Tarehe 30 Septemba 2024 Jaji Kathryn Kimball Mizelle wa Florida akafuta kesi iliyofunguliwa na daktari mmoja, akisema mtoa taarifa anafanya kazi ya ofisa wa serikali bila uteuzi. Rufaa ikapelekwa kwenye mahakama ya rufaa ya Atlanta, na wazabuni kote nchini wakaanza kunakili hoja hiyo kwenye utetezi wao. Mwaka huohuo wa fedha kesi za watoa taarifa zilifika 979, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa.

Mzabuni anayesubiri hoja hiyo imwokoe akumbuke kinachobishaniwa. Ni mlango wa mtu binafsi tu. Kifungu kinachoiruhusu Wizara ya Sheria kushtaki yenyewe hakijaguswa, na ankara ya leo inaweza kudaiwa kwa miaka 6, katika hali fulani hadi 10. Anayegundua kosa ndani ya kampuni yake ana siku 30 za kujisalimisha na kutoa ushirikiano kabla hajashtakiwa; jaji anaweza kumpunguzia mara tatu ikawa mara mbili.