QLED si OLED ya Samsung

Nimesikia tena wiki hii, kwa duka moja la vitu vya stima hapa Nakuru. Jamaa anatafuta TV ya chumba anachotengeneza cha kuangalia muvi, chumba chenye pazia nzito na spika zake tayari ziko, anaambiwa "chukua hii QLED, ndiyo OLED ya Samsung, zote ni moja." Na jamaa anaitikia. Hii maneno imerudiwa sana mpaka watu wanaiona ukweli, na pesa inayoenda hapo si kidogo, ndio maana nimeamua kuiandika.

Kwa ufupi: QLED ni TV ya LCD. Nyuma kuna taa za LED za bluu, mbele kuna kioo kinachofungua na kuziba mwanga, na katikati kuna karatasi laini yenye chembe ndogo mno zinazoitwa kwantamu doti, kazi yake ni kugeuza sehemu ya ule mwanga wa bluu kuwa nyekundu na kijani safi. OLED haina taa nyuma. Kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, inawaka yenyewe na kuzimika yenyewe, na kwa 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Basi, maana ndiyo hiyo.

Sasa haya majina. O ni ya oganiki, kwa sababu tabaka inayowaka imetengenezwa kwa kemikali za kaboni. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak kule Marekani ndio walioonyesha mwaka wa 1987 kwamba ukipanga tabaka nyembamba za hizo kemikali zinawaka vizuri kwa umeme mdogo. Ikachukua miaka 20 mpaka Sony ilete TV ya kwanza ya OLED sokoni, 2007, inchi 11 pekee, halafu 2013 LG ikaleta ya inchi 55. Kwa hivyo hilo jina lina historia yake na limefanyiwa kazi.

Q nayo ni ya kwantamu, na sitaki mtu afikirie nasema doti ni uongo, hapana, ni sayansi nzito kabisa, Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov walipewa Nobel ya kemia 2023 kwa sababu yake. Kinachoniudhi ni jina. Hizo TV za Samsung zenye doti zilikuwa zinaitwa SUHD mwaka wa 2015 na sikumbuki mtu akizichanganya na OLED. 2017 zikabatizwa QLED, na hapo ndipo balaa lilianza, maana ukiangalia stika kwa umbali Q na O zinatofautiana kamkia tu. Tena hilo jina lilikuwa na kazi tayari kwa maabara, wanasayansi wakisema QLED walimaanisha skrini ambayo doti zenyewe zinapewa umeme na kuwaka bila taa ya nyuma, na TV ya aina hiyo bado hatujaiona madukani. Siku hizi TCL na Hisense pia wanaandika QLED kwa boksi, kwa hivyo hata hiyo "ya Samsung" haisimami.

Na kama bado unabisha, mwaka wa 2022 Samsung wenyewe walirudi kuuza OLED, na QLED hawakuacha. Kama ni kitu kimoja wangeuza zote mbili za nini? Zaidi ya hapo, hizo OLED walizorudi nazo zilikuwa na kwantamu doti ndani. Doti zinakaa kwa LCD na zinakaa kwa OLED pia, kwa sababu doti ni habari ya rangi. OLED ni habari ya mwanga unatoka wapi. Watu wakishika hapo tu mimi nimeridhika.

Kwa nini nashikilia hivi kwa chumba cha muvi? Kwa sababu chumba chenyewe ni cha giza. Muvi nyingi zina ile mistari miwili mipana nyeusi juu na chini. Zima taa zote, kwa OLED hiyo mistari inapotea, huoni TV inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Kwa LCD ya kawaida, hata ikiwa na doti, utaiona ni kijivu, kwa sababu taa bado inawaka nyuma na kioo hakiwezi kuizuia yote, ni kama kufunga pazia na sekyuriti laiti ya jirani iko dirishani. Angalia pia maandishi meupe ya tafsiri kwenye sini ya usiku, utaona ukungu wa mwanga kuzunguka herufi. Mini LED zinapunguza hiyo shida sana kwa kugawa taa katika sehemu nyingi zinazozimika kivyake, na kwa bajeti ya kati ningeenda huko bila wasiwasi, lakini hata hiyo ni LCD. QNED ya LG ni LCD. ULED ya Hisense ni LCD.

Lakini si ati QLED ni mbaya. Kama TV inakaa sebuleni Kisumu, dirisha kubwa na jua la saa nane linaingia moja kwa moja, QLED yenye mwangaza mkali itakufaa kuliko OLED nyingi. Na kama inashinda kwa chaneli moja ya habari tangu asubuhi, yale maandishi ya chini yasiyotoka yanaweza kuacha alama kwa OLED, LCD haina huo ugonjwa sana. Saizi ni hesabu tu, inchi 65 ukikaa karibu mita 2.7 inakujaa macho vizuri.

Ukifika dukani uliza hivi: kuna taa nyuma ya kioo au hakuna? Halafu omba waweke picha nyeusi tupu, na kama inawezekana wazime taa za hapo karibu, uangalie pembeni pembeni. Na yule muuzaji wa "zote ni moja" usigombane naye, mwambie tu polepole kwamba hiyo aliyoshika ni LCD yenye rangi nzuri, na kwamba OLED ya Samsung ipo, imeandikwa OLED kwa boksi.