Bolti Kwanza, Darubini Baadaye

Vijana wanaojiandaa kwa leseni ya mwindaji bingwa huniuliza bunduki ipi inapiga kwa usahihi zaidi. Mimi hutaka wajiulize kwanza: ikishapiga, itakoki tena? Nyati aliyejeruhiwa akikujia kutoka mita 40, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, anakufikia kwa takriban sekunde 3. Humo humo ganda la risasi uliyopiga litoke, risasi ya pili iingie, nawe uwe umeshalenga.

Ndiyo maana nautetea mfumo wa bunduki ya Kijerumani ya Mauser wa mwaka 1898. Ubavuni mwa bolti yake, yaani kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono ili kukoki, kuna kucha ndefu ya chuma. Risasi ikiinuka tu kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, kucha huikamata ukingo wa kitako chake, wala haiiachii mpaka ganda litupwe nje. Bunduki nyingi za baadaye, Remington 700 ikiwemo, huisukuma risasi mbele bila kuishika mpaka bolti ifungwe. Ukipata kiwewe ukairudisha bolti kabla haijafika mwisho, risasi inabaki kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na ya pili inakuja kuigonga kwa nyuma. Mbele ya nyati, huna muda wa kuinasua. Bunduki ya Winchester Model 70 ilitoka na kucha ndefu mwaka 1936, ikaondolewa mwaka 1964, na wawindaji wakanung'unika mno hata ikarudishwa miaka ya 1990.

Kwa kaliba, yaani ukubwa wa risasi, .375 H&H (Holland & Holland) ya mwaka 1912 inanitosha. Hurusha risasi ya gramu 19 hivi kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde, na teke lake mtu mzima aliyezoea analimudu. Bunduki kubwa unayoiogopa itakufanya ufumbe macho.

Mazoezi hufanyika nyumbani, kwa risasi bandia zisizo na baruti wala fataki ya kuiwasha. Kagua chemba na magazini kwa macho na kwa kidole. Risasi halisi zote ziwe zimefungiwa chumba kingine. Weka kitako cha bunduki begani, lenga alama, fyatua. Inua bolti, ivute mpaka igote, isukume mpaka igote, ishushe. Kitako kisibanduke begani na jicho lisiache alama. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kuivuta bolti kwa upole, kana kwamba itaumia. Isipofika nyuma kabisa, ganda tupu halitupwi; linarudi lilikotoka, na ukifyatua unasikia mlio mkavu tu. Vuta kwa nguvu, tena kwa nguvu ile ile kila mara, kwa sababu hofu ikiingia mkono hufanya ulichouzoeza. Na kwenye Mauser, usitumbukize risasi moja kwa moja ndani ya chemba. Ipitie kwenye magazini, la sivyo unaweza kuivunja kucha.

Kabla ya kununua, omba ujaze magazini risasi bandia zenye umbo la zile utakazotumia. Koki haraka, koki polepole, laza bunduki ubavu, igeuze juu chini. Angalia sana risasi ya mwisho, maana springi ikiwa dhaifu hapo ndipo hukwama. Ikikwama dukani, irudishe kwa muuzaji, hata kama darubini iliyofungwa juu yake ni ya bei mbaya.

Msimu wa kiangazi, futa mafuta yabaki utando mwembamba tu. Vumbi la pori la akiba la Rungwa likichanganyika na mafuta mazito, bolti huanza kusuasua hata kama ni Mauser.