Mlio wa "pshhh" hauongezi nguvu ya turbo

Vijana wengi wenye Subaru Impreza ya turbo, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hufunga valvu ya kumwaga hewa nje, wakiamini ule mlio wa "pshhh" ni nguvu iliyoongezeka. Si kweli. Mlio huo hutoka unapoachia mafuta, yaani wakati injini haihitaji nguvu. Njia ya hewa inajifunga, turbo bado inasukuma, na hewa iliyobanwa lazima ipate pa kutokea.

Valvu ya kiwandani huirudisha hewa hiyo kwenye bomba la kabla ya turbo, kimyakimya, tena kwa sababu nzuri: sensa iliyo karibu na chujio imeshaipima, na kompyuta imeshaipangia petroli yake. Ukiimwaga nje, petroli inazidi hewa. Gari linakohoa ukibadili gia, ekzosi inatema moshi mweusi, na ukifungua plagi unakuta masizi makavu kama ya chungu cha kuni.

Nakusihi, kama unataka nguvu na una spana na Jumamosi moja nyumbani, anza na mipira na klipu za intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Hata ufa mdogo huko huiba msukumo, na ukiuziba utausikia msukumo huo mgongoni.