Kuchakaa kwa plastiki: kinachowapata wanasesere na vichezeo vya zamani

Kuchakaa kwa plastiki ni mabadiliko ya kikemia yanayotokea ndani ya plastiki yenyewe kadiri miaka inavyopita, hata kama kitu hakijaguswa na mtu. Tumezoea kuambiwa kwamba plastiki haiozi, na mwenye kutazama takataka za fukweni hana sababu ya kubisha. Lakini kutooza ni jambo moja, na kubaki kama ilivyotoka kiwandani ni jambo jingine. Mwanasesere aliyekaa kabatini miaka hamsini anaweza kutolewa akiwa ananata, amegeuka njano, amejaa nyufa au ananuka siki. Mwenye kabati huchukua sabuni na kitambaa, akiamini ni uchafu. Kumbe anachokifuta ni sehemu ya plastiki iliyojitenga na kutoka nje.

Ili hili lieleweke, inafaa kujua plastiki imeundwaje. Ni minyororo mirefu ya molekuli, kiungo kwa kiungo, kama shanga zilizotungwa uzini. Minyororo hiyo peke yake mara nyingi ni migumu mno au dhaifu mno kwa kazi iliyokusudiwa, kwa hiyo kiwanda huichanganya na vitu vingine: kilainishi ili ipindike, rangi, vijazio, na dawa za kuikinga dhidi ya joto na mwanga. Uchakavu hupitia milango miwili. Ama mnyororo wenyewe unakatwa na mwanga, joto, oksijeni au unyevu, ama vile vilivyochanganywa vinahama na kutoka. Katika vichezeo vya zamani, milango yote miwili huwa wazi kwa pamoja.

Wahifadhi wa makumbusho wanazitaja plastiki nne kuwa sumbufu kuliko zote: nitrati ya selulosi (selulosi ni dutu ya nyuzi za mimea), ambayo wengi wanaijua kwa jina la seluloidi, asetati ya selulosi, PVC laini, na povu la poliurithani. Zote nne zimetumika kutengeneza vichezeo, na kila moja huharibika kwa namna yake. Ndiyo maana swali la kwanza, kabla ya kusafisha, kufunga au kupaka chochote, ni hili: hii ni plastiki gani?

Seluloidi

Hii ndiyo kongwe. Nchini Marekani, John Wesley Hyatt na ndugu yake Isaiah waliipatia hataza mwaka 1870, kwa kuchanganya selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki na kafuri. Mwaka 1896 kiwanda cha Rheinische Gummi- und Celluloid-Fabrik cha Mannheim, Ujerumani, kilianza kutengeneza wanasesere wa seluloidi wenye alama ya kobe, na katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia Japani ilisafirisha vichezeo vya seluloidi kwa wingi sana. Vilikuwa vyepesi, vinaoshwa kwa maji, na havikuvunjika kirahisi kama vya kauri. Kasoro moja kubwa ilijulikana tangu mwanzo: seluloidi hushika moto upesi na huwaka kwa nguvu.

Kasoro ya pili ilichukua miaka mingi kuonekana. Kafuri ndiyo inayoilainisha seluloidi, na kafuri haitulii mahali pamoja. Hugeuka mvuke polepole na kutoweka. Kichezeo kinasinyaa, kinakauka, kinapata nyufa ndogondogo. Huku kafuri ikiondoka, selulosi nayo inaachia gesi za oksidi za nitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu hewani huwa asidi ya nitriki. Asidi hiyo inarudi kuishambulia plastiki ileile iliyoitoa, nayo plastiki inatoa gesi zaidi. Mzunguko huu ukishaanza hujiendesha wenyewe, na huongeza kasi kila unapozunguka.

Dalili ya mwanzo ni umanjano. Baadaye hutokea mtandao wa nyufa zilizozama ndani, kisha kunata au kutokwa na majimaji, na mwishowe kitu kizima hugeuka vipande na unga. Vitu jirani huathirika pia: pini za chuma zinapata kutu, shaba inageuka kijani, nguo za mwanasesere zinaoza mishono. Kwa hiyo ukiona kutu imeanza kwenye vitu kadhaa katika sanduku moja lisiloingia maji, usilaumu maji. Tafuta seluloidi.

Kuitambua si kazi ngumu kwa mwenye pua nzuri. Sugua sehemu iliyojificha kwa kidole gumba mpaka ipate joto kidogo, kisha nusa. Harufu ya kafuri inajulikana katika nyumba nyingi za Waswahili, kwa kuwa ndiyo itumikayo katika kuandaa maiti, na ukiipata kwenye mdoli wa zamani jibu umelipata. Wapo wanaoshauri kuchoma plastiki kwa sindano ya moto na kunusa moshi wake. Nakuomba usifanye hivyo. Kwa seluloidi, jaribio hilo linaweza kuwasha kitu chenyewe mkononi mwako.

PVC laini

Barbie alizinduliwa New York mwezi Machi 1959, na tangu hapo wanasesere wa PVC laini wameenea karibu kila nchi. Wengi wanaijua PVC kwa mabomba ya maji, na bomba ndiyo sura yake ya asili: ngumu, isiyopindika. Kuifanya iwe laini kama mguu au uso wa mwanasesere, kiwanda huitia kilainishi, ambacho kwa miongo mingi kilikuwa mafuta ya jamii ya fithaleti. Kiasi chake hufika hata theluthi moja ya uzito wa kitu chote. Jambo la kukumbuka ni kwamba kilainishi hakikuungana na minyororo. Kimekaa tu katikati yake, na kina uhuru wa kuondoka.

Nacho huondoka. Mwaka baada ya mwaka kinapanda juu, kinakaa kama ute mwembamba, na vumbi linanasia hapo. Mguu unaonata wa Barbie wa miaka ya 1960 ndio huu. Yvonne Shashoua wa Makumbusho ya Taifa ya Denmark amelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, na kazi yake imesaidia wakusanyaji na makumbusho kuelewa kwamba kufuta hakuponyi. Ukikifuta kilainishi kilichopanda, kingine kitapanda kujaza nafasi yake, na plastiki itazidi kuwa ngumu na kusinyaa.

Kilainishi kikipungua, mnyororo wenyewe huanza kuonesha udhaifu. PVC huachia asidi ya haidrokloriki, na rangi inahama kutoka njano kwenda kahawia. Kwa Barbie wa mwanzo kuna alama nyingine mashuhuri: masikio ya kijani. Hereni zake zilikuwa na vishikizi vyenye shaba, na shaba ikikaa ndani ya PVC inayochakaa hutoa chumvi za kijani zinazozama kwenye nyama ya plastiki na kusambaa shavuni. Doa hilo halipo juu ya ngozi ya mwanasesere, limo ndani yake, na ndiyo sababu kulisugua hakusaidii. La busara ni kuzitoa hereni mapema, kabla kijani hakijaonekana.

Kilainishi hakiishii kwenye kitu kilichokitoa. Magari madogo ya kuchezea yenye matairi laini, yakiachwa miaka juu ya kitako cha polistirini, aina ya plastiki ngumu, huacha mashimo yenye umbo la tairi, kwa sababu mafuta yamehamia upande wa pili na kuulainisha. Hali ni hiyohiyo kwa wanasesere laini waliorundikwa pamoja na vyombo vyao vya plastiki ngumu.

Hapa pana jambo la afya ninalolichukulia kwa uzito. Umoja wa Ulaya ulizuia baadhi ya fithaleti kwenye vichezeo vya watoto wadogo kwa muda mwaka 1999, kisha ukaweka marufuku ya kudumu mwaka 2005. Vichezeo vya kabla ya hapo vilitengenezwa bila kizuizi hicho. Mdoli wa bibi unaonata abaki kuwa kumbukumbu ya ukoo, asipewe mtoto mchanga wa kutafuna.

Asetati, povu, na plastiki inayogeuka njano

Asetati ya selulosi ilitumika kama mbadala wa seluloidi kwa kuwa haiwaki ovyo. Matofali ya kuchezea ya LEGO yalitengenezwa kwa asetati mpaka mwaka 1963 kampuni ilipohamia ABS, plastiki ngumu ya aina nyingine, na anayemiliki yale ya mwanzo anajua jinsi yanavyopinda na kukataa kushikana na menzake. Asetati ikianza kuvunjika hutoa asidi ya asetiki, yaani siki, na harufu ya siki ndiyo kengele yake. Wanasesere wa Pedigree wa Uingereza wa miaka ya 1940 na 1950 wamepatwa sana na hali hii. Makumbusho hutumia vijikaratasi vya rangi ya buluu vinavyobadilika kuwa kijani na kisha njano kadiri asidi hewani inavyozidi, na hivyo tatizo hugundulika kabla pua haijalinasa.

Povu la poliurithani halihitaji maneno mengi. Ni sponji iliyomo ndani ya vikaragosi na wanasesere wengi. Hewa na unyevu huikata minyororo yake, na baada ya miongo michache ukiibonyeza hairudi, inamwagika unga.

ABS, ile ya LEGO ya sasa na ya vifaa vingi vya michezo ya video, ni imara zaidi, ila huwa njano inapopigwa na mwanga, hasa mionzi ya urujuanimno. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 imeenea mbinu ya kuilowesha katika hidrojeni peroksaidi na kuianika juani ili weupe urudi. Weupe hurudi kweli. Lakini mara nyingi njano hurejea baadaye, na peroksaidi ikitumika vibaya huacha mabaka au kuudhoofisha uso wa plastiki. Kwa kitu cha kutumia siku kwa siku, kila mtu na hiari yake. Kwa kitu adimu, naona njano ya kweli ina heshima kuliko weupe wa kulazimisha.

Namna ya kuvitunza

Ushauri wa jumla ni rahisi: giza, ubaridi, ukavu wa wastani. Joto huharakisha karibu kila badiliko tulilolitaja, na kanuni ya makadirio inayotumiwa na wanakemia husema kasi huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzijoto 10. Kwa wasomaji wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, maana yake ni kwamba juu ya kabati lililo chini ya bati ndipo mahali pabaya kuliko pote nyumbani. Chumba chenye hewa, mbali na dirisha na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kitaongeza miaka mingi.

Lakini ushauri wa jumla una mwisho wake, na hapa ndipo wengi hupotea. Seluloidi na asetati zinahitaji hewa ipite, ili gesi za asidi zisijikusanye. Zifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa nawe umezifungia na adui yao. PVC laini inataka kinyume chake: ikikaa katika chombo kilichofungwa vizuri, hasa cha kioo, kilainishi hakipati pa kwenda na hutoka polepole zaidi. Utafiti wa Denmark ulionesha pia kwamba mifuko ya poliethilini hukinyonya kilainishi na kuharakisha upotevu wake, hivyo mfuko ambao kila mtu angeukimbilia haufai kwa Barbie. Kinachomwokoa mmoja kinamwangamiza mwenzake, na mwanasesere mwenye kichwa cha plastiki moja na mwili wa nyingine humlazimu mtunzaji achague ni sehemu gani ataipa kipaumbele.

Paketi za asili zina mgogoro wao. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa kichezeo ambacho hakijafunguliwa, na sehemu za mbele zinazoonesha ndani za paketi za vichezeo vya filamu za Star Wars vya kampuni ya Kenner zenyewe zimegeuka njano. Ukifungua, thamani ya soko inashuka. Usipofungua, gesi na mafuta vinabaki humohumo. Mimi ningefungua pale tu dalili za asidi zinapoonekana, yaani siki, kutu au unyevu wa ajabu, na kabla ya hapo ningetunza paketi kwa ubaridi.

Betri zitolewe, zote, bila kusubiri. Vidonge vya naftalini visiwekwe sanduku moja na vichezeo, kwa kuwa mvuke wake unaweza kulainisha baadhi ya plastiki, hasa polistirini. Kusafisha kuwe kwa kitambaa laini na maji kidogo yenye sabuni isiyo kali. Asitoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, huyeyusha plastiki kadhaa papo hapo, zikiwemo seluloidi, ABS na polistirini.

Seluloidi iliyokwisha kuwa na majimaji au kuanza kumeguka itengwe na vingine mara moja. Ipigwe picha pande zote na alama zake za kiwanda ziandikwe, maana picha ndizo zitakazobaki. Makumbusho huiondoa kama taka ya hatari. Nyumbani iwekwe mbali na jiko, jua na umeme, na kwa namna yoyote isitupwe kwenye moto wa takataka.